Datsun Isiyotulia

Jumamosi, 5 Julai 2025, Arusha

Baridi kali. Datsun 240Z yangu imewaka mara moja nilipovuta choki, ikanguruma vizuri kama haina ugonjwa. Shida huanza injini ikishapata moto na choki ikarudishwa: mshale wa mizunguko ya injini unapanda hadi 1,100, unashuka hadi 600, unapanda tena, boneti nzima inatetemeka. Ukikanyaga mafuta gari linakwenda safi. Ni sailensi tu haishiki.

Jirani kapita, kasema kabureta. Kila mtu husema kabureta. 240Z ina mbili, za Hitachi, mtindo wa SU, na chini ya kila moja kuna nati ya kuongeza au kupunguza petroli. Mafundi hawaioni nati hiyo wakaiacha. Nimemwambia mzee wa gereji zisiguswe mpaka valvu na moto vikaguliwe. Kacheka: "Sawa mwalimu, gari ni lako."

Kitu kimoja nakiandika nisije nikakisahau. Choki ya kabureta hizi haizibi hewa, inashusha jeti ili petroli ipite kwa wingi. Kama petroli ikizidi ndipo injini inatulia, huenda kuna mahali inavuta hewa isiyopimwa.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Sikukuu, nimeshinda gereji. Tumeanza na valvu, injini ikiwa moto: 0.25 mm za kuingiza, 0.30 mm za kutoa moshi. Mbili za moshi zilikuwa zimebana mno. Valvu iliyobana haifungi sawasawa, na kwenye sailensi ndiko inakoonekana kwanza, maana huko injini haina nguvu ya akiba ya kuficha kasoro. Pointi za distributa nazo zilikuwa zimekaribiana, tumeziweka 0.5 mm, kisha tukapima taimingi kwa taa. Taimingi hufuata pointi. Ukiibadili nafasi ya pointi baada ya kuweka taimingi, umeiharibu upya.

Sailensi imepata nafuu kidogo, lakini bado inapanda na kushuka.

Plagi ndizo zimenipa la kufikiria. Tatu za nyuma zina rangi ya kahawia, jinsi zinavyotakiwa. Tatu za mbele ni nyeupe. Injini hii ina silinda sita kwenye mstari, kabureta ya mbele inalisha tatu za mbele na ya nyuma tatu za nyuma, ingawa kuna bomba linalounganisha pande hizo mbili. Weupe maana yake petroli haitoshi. Au hewa imezidi.

Wageni hawakukauka, sikukuu ikichangia. Wote wanataka kuzungumzia Safari Rally: Edgar Herrmann na 240Z mwaka 1971, Shekhar Mehta mwaka 1973, aliyefungana pointi na Harry Källström na bado akapewa ushindi. Hadithi tamu, nami nazipenda. Ila hakuna hata mmoja aliyenishikia tochi.

Alhamisi, 10 Julai

Jioni tumefunga geji ya vakyumu. Imesoma inchi 15. Mzee akatikisa kichwa: "Ringi zimekwisha hizo, anza kutafuta hela ya ovahoo." Nimemkatalia kwa adabu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi geji hupoteza kama inchi moja. Injini inayosoma 20 Dar es Salaam haiwezi kusoma 20 hapa, hata ingekuwa mpya. Halafu mshale haukuwa ukipepesuka harakaharaka kama wa valvu mbovu. Ulikuwa ukielea polepole, ukienda na kurudi. Hilo ni suala la mchanganyiko wa hewa na petroli, si la ringi.

Tumebana mpira unaokwenda kwenye busta ya breki. Hakuna kilichobadilika, kwa hiyo busta haina kesi. Tukachomoa waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira. Ya nne, ya tano na ya sita: kila ikitoka injini inazama. Ya kwanza, ya pili na ya tatu: inazama kidogo sana, kama vile hazikuwa zikichangia.

Mbele, basi.

Jumamosi, 12 Julai

Kijana wa gereji alishaandaa sindano ya hospitali iliyojaa petroli, anyunyizie kwenye viungo aone injini itaitikia wapi. Nimeipokonya. Kwenye injini hii manifoldi ya moshi iko chini kabisa ya kabureta, upande uleule, na ina joto la kuwasha chochote kitakachodondoka. Tumetumia chupa ya kupigia pasi, maji na sabuni kidogo, matone machache kwa wakati.

Gasketi za manifoldi: kimya. Bomba la kuunganisha: kimya. Ncha ya spindo la kabureta ya mbele: injini ikabadili sauti palepale, ikatulia sekunde mbili tatu, ikarudia wazimu wake. Mzee akalishika spindo na kulitingisha. Linacheza. Miaka hamsini na kitu ya kufungua na kufunga imelila tundu lake, na hewa inapita pembeni bila kupimwa. Ukikanyaga mafuta hewa hiyo si kitu ukilinganisha na inayopita kwenye koo. Kwenye sailensi ni sehemu kubwa ya pumzi yote.

Mzee hakuzitaja ringi tena, nami nimenyamaza.

Jumatano, 16 Julai

Kabureta iko kwa mchonga vyuma. Atatanua matundu na kuweka bushi za shaba. Nimemsisitizia pande zote mbili zinyooke kwa pamoja, la sivyo spindo litakwama na tatizo litakuwa la pedali ya mafuta kutorudi, ambalo ni baya zaidi barabarani.

Jumapili, 20 Julai

Imefungwa. Kwanza hewa: mpira mwembamba sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, tukazirekebisha hadi mvumo wa mbele na wa nyuma ukafanana. Ndipo nati zikaguswa. Unainua pistoni ya kabureta kidogo tu: injini ikizima, petroli haitoshi, ikipanda na kubaki juu, imezidi, ikipanda kidogo na kurudi, iache hapo.

750, mshale umelala. Mzee kaweka glasi ya maji juu ya kifuniko cha valvu na kumwita kila aliyepita.

Baada ya kuegesha juani na kuwasha tena, inayumba kwa muda kabla ya kutulia. Petroli imepata joto la manifoldi ya moshi. Hilo silifukuzi. Ninalotaka kufuatilia ni harufu ya petroli ndani ya gari: nifungue plastiki za buti nikague mipira ya kupumulia ya tangi.