Banda la Kuku na Mvua ya Masika

Kufuga kuku uani ni kazi ambayo watu wengi huihesabu kuwa ndogo. Wasemao hivyo hutazama bei ya kuku sokoni, wala hawatazami wajibu unaomfuata mtu tangu siku anapomtia ndege ndani ya uzio. Kuku aliyeachwa huru huzunguka apendavyo, na maji yakija hurukia ukuta au tawi la mwembe. Aliyefungiwa hana ukuta wala tawi. Aliyemfungia amechukua hiari yake ya kukimbia, na deni hilo halina malipo ila banda jema.

Katika viunga vya Dar es Salaam kufungia kuku ni jambo la lazima. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi na ambao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka, wameenea mjini, na kwao kifaranga ni chakula kama taka nyingine. Usiku huwa ni zamu ya kicheche na paka. Tena nyumba zetu za Temeke na Kinondoni zimesongamana, na kuku wa mtu huparua mchicha wa mwenziwe. Mimi nafuga kuku 12, si mbali na bonde la Mto Kizinga, na uani kwangu hawakai bila banda.

Mfugaji wa nchi za baridi kali huinamisha sana paa la banda lake ili theluji iteleze isilivunje. Adui wake hutoka juu. Adui wetu huanzia juu akamalizia chini. Mvua ya masika hunyesha kati ya Machi na Mei, mitaro hujaa, kisha maji huingia uani kimya kimya. Katika masika ya mwaka 2018 jirani yangu, mjane aliyekuwa akiwanunulia wajukuu madaftari kwa fedha za mayai, alipoteza kuku 14 kwa usiku mmoja. Paa la banda lake halikuvuja hata tone. Lakini banda lilikaa juu ya ardhi tupu, na mlango ulikuwa umekazwa kwa hofu ya kicheche. Mlango uliowaokoa na kicheche ndio uliowazuia kutoka.

Nilipojenga banda langu baada ya hapo, niliipima alama ya maji iliyobaki ukutani, nikaongeza shibiri 2 juu yake, na hapo ndipo nilipoweka sakafu, juu ya nguzo 6 za mbao ngumu. Mbao za sakafu zimeachana kwa upana wa kidole ili samadi ianguke chini na pasibaki unyevu, maana unyevu huleta kuhara damu. Mzee mmoja wa mtaani alisimama akalitazama.

“Mwalimu, kuku umewapa ghorofa, nasi twalala chini?”

“Mzee wangu,” nikamjibu, “sisi milango yetu twaifungua wenyewe.”

Mvua ikiisha, jua hudai haki yake. Kuku hatoki jasho. Joto likimzidi huachama mdomo na kuhema. Kwa sababu hiyo ukuta wa mbao unaishia kimo cha kuku, na juu yake ni wavu wenye matundu madogo. Urefu wa banda umeelekea mashariki na magharibi, jua lisipate kuingia ubavuni. Paa ni bati lililofunikwa makuti: bati huzuia maji, makuti huzuia joto. Upenu umetokeza mbele ili mvua ya upepo isipige ndani. Maradhi ya kideri hayazuiliwi na paa lolote. Dawa yake ni kinga, tone la chanjo jichoni kila baada ya miezi 3.

Mbao zilizobaki zilitosha banda dogo la jirani yangu, naye akaanza upya na mitetea 3. Vipimo alivichagua mwenyewe, na nguzo zake ni ndefu kuliko zangu. Msomaji anayetaka kufuga na aanze pale alipoanza yeye: kabla ya kununua kuku, apime maji yalipofika, kisha ndipo anunue kufuli.