Samaki wa Ndevu Si Mmoja

Sisi makarani tuna methali tunayoipenda: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nami naliiamini kwa moyo wote, hata siku moja nikaona ya kuwa mali yenye daftari nayo yaweza kupotea, ikiwa mwandishi hakujua alichokitazama.

Nalitumwa kuandika hesabu ya samaki walioshushwa mitumbwini kwenye ufuko mmoja wa Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria. Mimi ni mzaliwa wa milimani. Samaki kwangu alikuwa kitoweo, si elimu. Basi kila samaki asiye na magamba, mwenye ndevu mdomoni, nalimwandika kwa jina moja: kambare. Kwa muda wa miezi mitatu daftari langu lilikuwa safi, jumla zikapatana, na mkubwa wangu akatia sahihi bila neno.

Asubuhi moja mama mmoja mzee, mchuuzi wa samaki, akaliinamia daftari langu. "Karani, hapa umeandika nini?"

"Kambare arobaini na mmoja, mama."

Akacheka hata akaweka karai lake chini. "Mwanangu, hawa ni koo nne. Mbona umewazika katika kaburi moja?"

Naliudhika, maana nalijiona mtu wa elimu. Ili kuonyesha kwamba nawafahamu, nikamshika samaki mmoja mdogo karaini. Mara akasimamisha miiba yake, akalia kama bawaba kavu, na mwiba mmoja ukanichoma kiganjani. Damu ikanitoka mbele ya watu. "Huyo ni okoko," mama akasema kwa upole. "Yeye hujitaja mwenyewe."

Nikafunga kidonda, nikaketi kufundishwa. Haya ndiyo aliyonionyesha, nami baadaye nikayaona vitabuni pia.

Wa kwanza ni mumi, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus. Huyu ndiye kambare hasa. Kichwa chake ni bapa na kigumu kama kofia ya chuma, na ndevu zake ni jozi nne. Pezi la mgongoni ni moja tu, laini, refu, lafika karibu na mkia. Na mkia wenyewe ni wa mviringo. Ukiinua kifuniko cha matamvua utaona ndani viungo vyenye matawi kama kijiti. Kwa hivyo huvuta hewa, na ndiyo sababu aweza kuishi nje ya maji kwa saa nyingi maadamu ngozi yake haijakauka.

Wa pili ni seu, Bagrus docmak. Yeye pia ana jozi nne za ndevu. Basi mwenye kuhesabu ndevu peke yake atadanganyika. Mtazame mgongo na mkia. Pezi la kwanza ni fupi, lina mwiba. Nyuma yake pana pezi la pili, refu na laini, lisilo na mfupa hata mmoja. Mumi hana pezi hilo. Tena mkia wa seu umegawanyika kama panda.

Wa tatu ni okoko, wa jamii ya Synodontis. Ndevu zake ni jozi tatu, na zile za kidevuni zina matawi. Ana miiba mitatu yenye nguvu, mmoja mgongoni na mmoja katika kila pezi la ubavuni, naye huikaza wima kama mlango uliotiwa komeo. Ile sauti naliyoisikia ni ya mwiba unaposuguana na mfupa.

Wa nne ni sire, Schilbe intermedius. Mwili wake ni mwembamba kama ubao uliosimamishwa kwa ubavu. Pezi la mgongoni ni dogo sana, li karibu na kichwa, bali pezi la chini latoka tumboni hata karibu na mkia.

Kamongo asitiwe katika hesabu hii. Yeye hana ndevu, ana magamba madogo yaliyofichwa na utelezi, na mapezi yake ya ubavuni ni kama nyuzi.

Msomaji aweza kuuliza, yote haya yafaa nini, ikiwa wote huishia chunguni? Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 samaki wengi wa asili walikuwa wamepungua sana. Sasa fikiri: seu akipungua na mumi akiongezeka, karani aandikaye "kambare" ataona jumla ile ile kila mwezi, naye ataripoti kwamba mambo ni mema. Ukoo mmoja waweza kwisha ndani ya daftari safi.

Nalikwenda kwa mkubwa wangu nikakiri kosa. Tukapiga mstari juu ya miezi mitatu, na kuanzia hapo nikachora safu nne. Miezi ile haiwezi kurudishwa. Samaki wake wameliwa, na majina yao hayajulikani.

Basi, ndugu mkulima unayenunua vifaranga vya mumi kwa bwawa lako, nawe karani mwenzangu, tazameni mgongo na mkia kabla ya kutaja jina. Na msipojua, waulizeni wenye makarai. Kuuliza si ujinga. Kovu la kiganjani mwangu lanikumbusha hayo kila nishikapo kalamu.