Neno Lisemwalo Kando ya Jeneza



Wapendwa waamini, tumo katika mwezi wa Novemba, ambao Mama Kanisa ameutenga kwa ajili ya kuwaombea marehemu wote. Hapa Kigwa, kama kwingineko, tunafyeka makaburi ya wazee wetu, tunayabariki, na majina yao tunayataja katika Misa. Ni wakati ufaao kulitafakari swali ambalo baadhi yenu mmekuwa mkituuliza: ikiwa kila mtu anayo haki ya kutoa maoni yake, je, haki hiyo inafika hata msibani? Je, mtu aweza kusimama karibu na jeneza la mwenzake na kusema lolote limjialo kinywani?

Swali hilo liliwahi kufikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, na kesi yenyewe ilianzia katika mazishi ya kijana Mkatoliki. Tarehe 3 Machi 2006, askari wa kikosi cha Marine, Matthew Snyder, mwenye umri wa miaka 20, alifariki nchini Iraki katika ajali ya gari la kijeshi. Misa ya mazishi iliadhimishwa tarehe 10 Machi katika kanisa la Mtakatifu Yohane, mjini Westminster, katika jimbo la Maryland. Siku hiyo walifika watu saba wa kikundi kidogo kiitwacho Westboro Baptist Church, kutoka mji wa Topeka, Kansas, wakiongozwa na mchungaji wao Fred Phelps. Hawakumjua marehemu wala wazazi wake. Wao walifundisha kwamba Mungu anawaua askari wa Marekani ili kuliadhibu taifa linalovumilia ushoga, nao walikuwa na desturi ya kwenda kwenye mazishi ya askari kulitangaza fundisho hilo. Mabango yao yalimshukuru Mungu kwa vifo vya askari, yalisema Papa yuko motoni, na yaliwashutumu mapadre kuwa wanawabaka watoto.

Baba wa marehemu, Albert Snyder, aliona vichwa tu vya mabango hayo alipokuwa akipita na msafara wa mazishi. Maneno yaliyoandikwa aliyasoma jioni, kwenye taarifa ya habari. Aliwashtaki. Jopo la raia waliosikiliza kesi likamwona ana haki ya kulipwa dola milioni 10.9, kisha hakimu akazipunguza hadi milioni 5. Mahakama ya rufani ikaifuta hukumu yote, na baadaye ikamwamuru baba huyo awalipe wapinzani wake gharama za rufani, zaidi ya dola 16,000. Hatimaye, tarehe 2 Machi 2011, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 8 dhidi ya 1 kwamba waandamanaji wale hawawezi kutozwa fidia.

Sababu za mahakama zinastahili kusikilizwa kwa utulivu. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba watu wale walisimama katika eneo la umma, mahali walipoelekezwa na polisi, umbali wa futi 1,000 hivi kutoka kanisani, yaani kama mita 300. Hawakumpiga mtu, hawakuingia kanisani, hawakuikatiza ibada. Mambo waliyoyazungumzia, hata kama waliyazungumzia kwa ukatili, yalihusu taifa zima: vita, maadili, na kashfa za viongozi wa dini. Dola haiwezi kumwadhibu msemaji kwa sababu tu maneno yake yameumiza. Jaji mmoja, Samuel Alito, alikataa. Kwa maoni yake, mjadala huru wa taifa hauhitaji mtu binafsi, asiye kiongozi wala mwanasiasa, ashambuliwe kikatili saa anapomzika mwanawe. Roberts na Alito wote wawili ni Wakatoliki. Tunalitaja hilo ili tusidhani kwamba imani peke yake ilitosha kulifanya jibu kuwa jepesi.

Sasa na tulilete jambo hili nyumbani. Tarehe 7 Desemba 2017, askari wetu wa JWTZ wasiopungua 14, waliokuwa wakilinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, waliuawa huko Semuliki, mashariki mwa Kongo. Miili yao ililetwa nyumbani, na taifa likawaaga kwa heshima. Tuwaze kwamba kwenye matanga ya mmoja wao angetokea mtu na bango la kumshukuru Mungu kwa kifo chake. Bila shaka vijana wangemtimua kabla polisi hawajafika. Sheria nayo isingekuwa upande wake. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, lakini Ibara ya 30 inakumbusha kwamba haki zetu zisitumike kwa namna inayovunja haki za wengine au maslahi ya umma. Kanuni ya Adhabu nayo inakataza kuwasumbua watu waliokusanyika kwa ajili ya mazishi.

Wengi wetu tungeishia hapo na kusema kwamba sisi tumewashinda Wamarekani kwa busara. Lakini tunawaomba tuende taratibu, kwa maana Maandiko yenyewe yanatuzuia.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 16, mfalme Daudi anamkimbia mwanawe Absalomu. Amekwisha kupanda Mlima wa Mizeituni huku akilia, kichwa chake kimefunikwa, hana viatu miguuni. Afikapo Bahurimu, anatokea mtu aitwaye Shimei, anamlaani, anamrushia mawe na mavumbi, na kumwambia kuwa maafa hayo ni malipo ya Mungu. Hoja ya Shimei haitofautiani sana na ile ya mabango ya Westboro. Abishai, mwana wa Seruya, anaomba ruhusa ya kwenda kukikata kichwa cha mtu huyo. Daudi anamkatalia: mwacheni alaani; huenda Bwana ndiye aliyemtuma, na huenda Bwana atayatazama mateso yangu.

Kwa nini Daudi aliweza kuuzuia upanga? Sisi tunadhani ni kwa sababu aliwahi kumsikiliza nabii Nathani. Sura chache kabla ya hapo, Nathani alimwendea mfalme na maneno machungu kuliko ya Shimei, akamwambia usoni kwamba yeye ni mwuaji na mzinzi. Laiti upanga wa Abishai ungelikuwa tayari siku ile, Daudi asingelitubu. Upanga haujui kumtenganisha Nathani na Shimei. Kwake wote wawili ni watu waliomuudhi mfalme.

Nchi yetu imekwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015 ili, pamoja na mambo mengine, kuzuia matusi na uongo mitandaoni. Mwaka uliofuata, mahakama mjini Arusha ilimtia hatiani mtu mmoja kwa maneno ya kumtusi Rais aliyoyaandika kwenye Facebook. Mwaka 2018, katika ujumbe wao wa Kwaresima, maaskofu wetu wa Tanzania walilalamikia hadharani kubanwa kwa uhuru wa wananchi na wa vyombo vya habari. Mwenye Heri, sasa Mtakatifu, Papa Yohane XXIII alikuwa amekwisha kufundisha mwaka 1963, katika waraka wa Pacem in Terris, kwamba kutafuta ukweli na kueleza maoni ni haki ya binadamu, mradi izingatie maadili na manufaa ya wote.

Hata lile bango lililowahusu mapadre linatudai unyofu. Liliwekwa mahali pasipostahili, likaandikwa na watu wasio na huruma, likawachafua wasio na hatia pamoja na wenye hatia. Lakini jeraha lililotajwa lilikuwapo. Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe lilifichua jinsi mapadre waliowadhulumu watoto walivyohamishwa kutoka parokia moja hadi nyingine badala ya kuzuiwa. Uhuru uleule wa kusema uliomlinda Phelps uliwalinda waandishi hao, na kwa kazi yao watoto wengi waliokolewa. Waliolipenda Kanisa na kutaka waandishi wanyamazishwe hawakulisaidia Kanisa.

Basi tumeshikwa pande mbili. Upande mmoja baba anamlilia mwanawe. Upande wa pili kuna haki ambayo tukiikata kwa hasira itatukata sisi. Tunaamini kwamba wazee wetu wa njia hii ya misafara walikuwa na hekima inayotufaa hapa, nayo ni utani.

Kigwa ilikuwa kituo katika njia kuu iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, na kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita humo na pembe za ndovu mabegani, wakakutana na Wazaramo na makabila mengine, na katika kukutana huko, kwa ugomvi na kwa mapatano, utani ukakua. Sote tunajua afanyalo mtani msibani. Anaingia kaburini na kulala, akidai kwamba nafasi ni ya kwake. Anaigiza mwendo wa marehemu na ubahili wake. Analizuia jeneza mpaka alipwe. Analia kilio cha uongo kumzidi mjane. Mgeni asiyezijua desturi zetu angedhani kwamba hayo ni matusi makubwa. Wala hakuna mfiwa anayemshtaki.

Tofauti iko wapi kati yake na watu wale saba wa Topeka? Mtani huyohuyo ndiye aliyeshika jembe asubuhi na kuchimba kaburi. Yeye ndiye aliyechota maji, akapasua kuni, akaingiza bega chini ya jeneza. Naye ajua kwamba siku atakapofiwa, wataniwa wake watafika na kumlipiza. Ameipata ruhusa ya kusema kwa kuubeba msiba, na maneno yake, hata yakiwa makali, yanakusudia kumwinua mfiwa kutoka chini alipoketi. Phelps alikuja na bango, akaondoka nalo, udongo hakuugusa.

Hicho ndicho kipimo tunachopenda kuwaachia. Sheria yaweza kuuliza mtu alisimama umbali gani na kwa muda gani, na inafanya vema kuishia hapo. Wamarekani wenyewe walifanya hivyo: sheria ya mwaka 2012 iliwazuia waandamanaji kukaribia mazishi ya wanajeshi kwa futi 300, tangu saa mbili kabla ya mazishi hadi saa mbili baada yake, bila kuchagua ni maoni gani mazuri na yapi mabaya. Dhamiri ya Mkristo huuliza zaidi: je, mimi ninayetaka kusema hapa, nimebeba nini?

Bwana wetu mwenyewe alikutana na msafara wa mazishi katika lango la mji wa Naini, kama anavyosimulia Mwinjili Luka katika sura ya 7. Naye hakuwa jamaa ya marehemu. Aliyezikwa alikuwa kijana, mwana wa pekee wa mama mjane. Kama yupo aliyekuwa na haki ya kulisimamisha jeneza na kuhubiri juu ya dhambi na hukumu, ni Yeye. Luka anasema kwanza alimhurumia yule mama. Kisha akamwambia asilie. Kisha akaligusa jeneza, jambo ambalo kwa desturi za Kiyahudi lilimtia mtu unajisi. Neno lake kwa marehemu lilikuja mwisho, nalo lilikuwa neno la uzima.

Wapo waliofuata njia hiyo hata katika habari hii ya Marekani. Tangu mwaka 2005 waendesha pikipiki waitwao Patriot Guard Riders, kwa kualikwa na familia, walisimama kimya na bendera kati ya wafiwa na waandamanaji, ili mjane asiyaone mabango. Na Fred Phelps alipofariki tarehe 19 Machi 2014, kikundi chake hakikumfanyia mazishi ya hadhara. Siku chache baadaye wafuasi wake walikwenda kuandamana mjini Kansas City, na ng'ambo ya barabara wakawakuta watu wameinua bango la kuwapa pole kwa msiba wao.

Nasi huku Kigwa hatuna wenye mabango. Tuna simu. Picha ya maiti ya ajali hurushwa katika makundi ya WhatsApp kabla mama yake hajapata habari. Minong'ono juu ya ugonjwa uliomwua marehemu huanza kabla ya kaburi kuchimbwa. Wapo wahubiri, wa dini zote, wanaotangaza juu ya jeneza mahali roho ya marehemu ilikokwenda, kana kwamba wao ndio waliomhukumu. Wapo wanasiasa wanaoomba dakika mbili za salamu na kuchukua arobaini. Hakuna hata mmoja wao atakayefikishwa mahakamani, na pengine ni vema iwe hivyo. Lakini kuzika wafu ni tendo la huruma, na yeyote anayekuja mazikoni bila huruma amekosea njia, hata kama sheria inamruhusu kusimama pale.

Juma hili kila jumuiya ndogondogo na ichague familia moja iliyofiwa mwaka huu, iende kuifyekea kaburi. Mwenye neno la kusema na alisafirishe na jembe lake.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Mwenyezi Mungu awabariki nyote.