Chai ya Kikorea na Kiuno cha Biharusi



Msimu wa harusi ukikaribia, mabiharusi wanaokuja kwetu kupimwa gauni huwa na ombi linalofanana: "Dada, nikatie ndogo kidogo. Nakunywa chai ya Kikorea, wiki tatu zijazo nitakuwa nimeshapungua." Pakiti tunazoonyeshwa zina picha ya msichana mwembamba na maandishi ambayo hakuna anayeyasoma, si sisi wala aliyeinunua. Sisi ni wapenzi wa tamthilia za Kikorea, na ushonaji wa hanbok, vazi lao la asili, tumeufuatilia kwa muda mrefu. Basi leo tuzungumze Wakorea wenyewe wanakunywa nini, maana jina lao limechukuliwa likabandikwa kwenye kitu kingine.

Tuanze na neno. Wao husema "cha", sisi "chai", na asili ya maneno yote mawili ni China. Lakini kwa Wakorea "cha" ni pana. Vingi wanavyoviita hivyo havina hata jani moja la mchai. Ni nafaka, matunda, mizizi na maua. Kinachonywewa sana majumbani ni boricha, yaani shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa kahawia kisha ikachemshwa. Nyumba nyingi hukaa nayo badala ya maji ya kunywa, ya moto wakati wa baridi, na ya friji wakati wa joto. Haitiwi sukari. Ipo pia ya mahindi yaliyokaangwa, na ya mchele wa kahawia.

Halafu ipo moja ambayo kila mpishi wa wali ataielewa. Wakorea wa zamani walipopakua wali, walitia maji kwenye sufuria yenye ukoko, wakayachemsha, wakanywa baada ya chakula. Wanaita sungnyung. Siku hizi wengi wanapikia jiko la umeme lisiloacha ukoko, kwa hiyo kinywaji hicho kimepungua majumbani. Sisi huku ukoko tunaugombania kwa meno, wao waliunywa.

Ukija kwenye matunda, kuna yujacha. Yuja ni tunda la jamii ya limau, hukatwa vipande vyembamba na ganda lake, likalazwa ndani ya sukari au asali kwenye chupa. Ukitaka kunywa unachota kijiko unakoroga na maji ya moto. Watu huinywa sana kipindi cha baridi, koo likiwasha. Sasa fikiri, chai iliyojaa sukari namna hiyo itampunguza nani?

Omija maana yake ni ladha tano: tamu, chachu, chungu, chumvi na kali, zote kwenye tunda moja dogo jekundu. Hili halichemshwi. Hulowekwa kwenye maji ya baridi usiku kucha, kwa sababu maji ya moto huutoa uchungu ukazishinda ladha nyingine. Asubuhi unapata kinywaji chekundu cha kupendeza.

Na daechucha, chai ya daechu, ambalo ni tunda la jamaa moja na kunazi zetu. Wao huliacha liive jekundu, wakalikausha mpaka likakunjamana kama tende, kisha wakalichemsha saa nyingi mpaka supu yake ikawa nzito. Tunda hilo lina nafasi yake kwenye harusi pia. Katika shughuli iitwayo pyebaek, biharusi akiwa na hanbok yake huwainamia wakwe zake kwa heshima, na wakwe huwarushia maharusi daechu pamoja na kokwa ziitwazo bam, nao huzidaka kwa kitambaa walichokikunjua. Ni namna yao ya kuwatakia watoto. Daechu hizo hupangwa kwenye sahani kwa mnara, nyingine zimetungwa kwenye uzi kama tunavyotunga asumini. Mila hiyo ni yao, na kawaida pombe pia humiminwa, kwa hiyo hatuitaji ili tuige. Tunaitaja muone kwamba daechu kwao ni tunda la kumtakia bibi harusi neema na mwili wenye afya.

Chai ya majani nayo wanayo, na historia yake ni ndefu. Kitabu chao cha zamani cha historia, Samguk Sagi, kinaeleza kwamba mwaka 828 mjumbe aliyerudi kutoka China alileta mbegu za mchai, na mfalme akaamuru zipandwe kwenye mlima Jirisan. Hadong, iliyo chini ya mlima huo, inalima chai hadi leo, na Boseong upande wa kusini ina vilima vilivyopangwa mistari ya kijani. Kwa karne nyingi chai ilikuwa ya wafalme na watawa wa Kibudha. Ufalme wa Joseon uliposhika nchi mwaka 1392, Ubudha ukasukumwa pembeni, na chai ya majani ikafifia pamoja nao. Watu wa kawaida walibaki na nafaka na matunda yao. Ilihuishwa miaka ya 1800 mwanzoni, pale mwanachuoni Jeong Yakyong, aliyekuwa uhamishoni Gangjin, na mtawa Choui walipoipenda na kuiandikia. Choui aliandika utenzi wa kuisifu chai ya nchi yake mwaka 1837.

Majani ya thamani zaidi huitwa ujeon, yanayochumwa kabla ya tarehe 20 Aprili hivi, bado machanga kabisa. Hayamwagiwi maji yanayotokota. Maji huwekwa kwanza kwenye bakuli yapoe, ndipo yanamiminwa. Na mwenye kumimina hajazi kikombe kimoja akaenda kingine. Anatia kidogo kila kikombe mpaka wa mwisho, halafu anarudi nyuma akimalizia, ili asiwepo mgeni aliyepata chai nyepesi na mwingine aliyepata nzito. Kikombe hupokewa kwa mikono miwili. Haraka haina nafasi pale, na kinachotazamwa ni mgeni.

Sisi mafundi kilichotugusa zaidi ni kitambaa. Vyombo vyao vya chai na vya chakula hufunikwa kwa jogakbo, nguo iliyoungwa kwa vipande vilivyobaki baada ya kukata hanbok. Wanawake wa zamani hawakutupa hata kipande cha ukubwa wa kiganja. Tumekuwa tukiviangalia vipande vya satini vilivyo chini ya meza yetu kwa jicho jingine.

Kwa faida ya wasomaji wetu Waislamu, lishikeni hili mkinunua bidhaa za Kikorea: jina likiishia na "cha" kwa kawaida ni chai, likiishia na "ju" ni pombe. Insamcha ni chai ya mzizi wa ginseng, insamju ni pombe yake. Makgeolli haina "ju" mwishoni lakini ni pombe ya mchele, nyeupe kama maziwa. Msiichanganye na sikhye, kinywaji kitamu cha mchele na kimea cha shayiri ambacho kwa kawaida si kileo. Na bado someni viambato, au muulizeni anayeweza kusoma.

Sasa turudi kwenye zile pakiti. Chai nyingi za kupunguza mwili zinazouzwa duniani huwa na sanamaki. Sanamaki tunaijua toka kwa bibi zetu, ni dawa ya kuendesha tumbo, hunywewa kwa haja na kwa kipimo. Ukiinywa kila siku kwa wiki kadhaa, kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, na mafuta yanabaki palepale. Mtu anaweza kuishiwa nguvu, na tumbo likiharisha sana hata vidonge anavyomeza vinaweza kupita bila kufanya kazi. Biharusi wa namna hiyo anakaa kwenye kiti cha harusi akiwa amelegea, na siku ya pili akinywa maji na kula biriani, kiuno kinarudi kilipokuwa.

Kwa hiyo dukani kwetu tunapima mwili ulioletwa siku hiyo, na tunaacha akiba ya mshono ndani. Ukipungua tunabana, ukiongezeka tunaachia. Kazi ya gauni ni kukufuata wewe.

Na anayetaka kweli ladha ya Korea kwenye shughuli yake, apike sujeonggwa. Tangawizi na mdalasini tunavyo hapa visiwani. Chemsha tangawizi iliyokatwa kwenye sufuria yake, na mdalasini wa vijiti kwenye sufuria nyingine, kama nusu saa au zaidi, ili kila kimoja kitoe ladha yake bila kufunikwa na mwenzake. Chuja, changanya, tia sukari kwa kiasi, chemsha tena kidogo, kisha weka kwenye friji. Wao huelesha juu yake tunda lililokaushwa la gam na kokwa za msonobari. Sisi tunaona tende iliyokatwa inatosha. Huletwa baridi, baada ya chakula, kwa vikombe vidogo.

Mabiharusi wetu wa msimu huu, Mwenyezi Mungu awape ndoa za kheri na baraka. Njooni mpimwe, na mje mmekula.