Alimbongo: Betri iliisha, lakini kosa halikuwa la kijana wa simu

Alimbongo, wilaya ya Lubero. Ilikuwa Desemba 2024, milio ya silaha ikisikika upande wa Kaseghe. Familia zilikuwa zinafunga magodoro. Baadhi zilikuwa zinahama mara ya pili, kwani zilikwisha kuikimbia Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni.

Kando ya barabara ya kitaifa namba 2, basi dogo la mazuti lilikataa kuwaka. Akina mama na watoto walikuwa tayari ndani, ukungu umefunga. Mwenye gari alimshika kijana mmoja muhami, aliyekuwa amechaji simu tisa usiku kwa betri ya gari hilo, kwa ruhusa ya dereva.

« Wewe ndiye umeua betri yangu. Utalipa. »

Akachukua simu ya kijana kama rehani. Ndiyo simu ambayo mama yake, aliyepotezana naye njiani, alikuwa anaipiga.

Fundi wa pale, mzee wa watu, hakubishana. Aliomba betri ya lori, akaifunga. Alipozungusha ufunguo kabla ya kuwasha, taa nyekundu ya betri haikuwaka.

« Papa, taa hii iliwaka lini mara ya mwisho? » Dereva hakukumbuka.

Injini ikawaka. Kipimo kilionyesha volti 12,4. Taa kubwa zilipowashwa kikashuka hadi 12,1, hata dereva alipokanyaga mafuta. Alternata nzima ingetoa kati ya 13,8 na 14,4. Kwa hiyo hata betri nzima ya lori ilikuwa inaliwa tu bila kurudishiwa kitu.

Injini ikazimwa. Mkanda ulikuwa umekaza. Fundi alichomoa waya mwembamba nyuma ya alternata, akaugusisha kwenye chuma cha injini, ufunguo ukiwa wazi: taa nyekundu ikawaka. Waya na balbu ni vizima. Katika gari hilo la zamani, umeme wa kwanza hupitia taa ile kwenda kuamsha sumaku ya alternata. Umeme ulikuwa unakatikia ndani.

Alipofungua, makaa mawili yanayogusa mhimili yalikuwa yamekwisha, moja halifiki tena. Alitoa mengine kwenye alternata ya gari bovu la aina ile ile. Saa moja baadaye taa nyekundu iliwaka, ikazimika injini iliponguruma, na kipimo kikasoma 14,1.

« Simu za vitufe tisa haziui betri nzima, » fundi akamwambia mwenye gari. « Zilimalizia masalio. Gari lako lilikuwa halichaji tangu siku nyingi. »

Mwenye gari alinyamaza kidogo, kisha akatoa simu mfukoni. « Unisamehe, mtoto wangu. Panda, hulipi. » Basi likaondoka kuelekea Lubero, taa zikipasua ukungu.

Madereva mnaobeba wahami, kila asubuhi zungusheni ufunguo na kuitazama taa ile. Isipowaka kabla ya injini, au isipozimika baadaye, muoneni fundi kabla ya kupakia watu. Na msichomoe betri injini ikinguruma ili kujaribu alternata: mtaunguza daiodi zake, na palipokuwa na hasara moja patakuwa na mbili.