Jaketi Ina Mwenyewe

Ukipita Keroka saa kumi na moja alfajiri utawapata watu wa boda wamejipanga steji, wengi wao wamevaa jaketi kinyume. Zipu iko mgongoni, mgongo wa jaketi uko kifuani. Aliyetoka Nairobi jana anaweza kucheka, lakini akipanda nyuma ya pikipiki mpaka Nyansiongo bila kujifunika, atafika akiwa ameacha kucheka. Baridi ya huku inatoka kwenye mashamba ya majani chai ikiwa imebeba maji. Pikipiki ikishika mwendo, upepo unatafuta kila tundu: katikati ya meno ya zipu, shingoni, kwenye mikono. Ukigeuza jaketi umefunga mlango wa mbele. Hiyo ni akili ya mtu ambaye ofisi yake haina ukuta.

Kuna wachache ambao hawageuzi. Waangalie vizuri, utaona wamevaa ngozi.

Nazungumzia zile jaketi nzito, nyeusi au kahawia, zenye zipu inayokata kifua kwa upande, kola pana yenye vifungo vya chuma, na mkanda kiunoni. Nazipenda tangu darasa la sita. Nazitafuta sokoni, nazivaa, na kama unavyoona, naziandikia pia. Na kuna moja ambayo imenisumbua kichwa kwa miaka miwili.

Kwanza historia, kwa sababu jaketi hii inajulikana ilikotoka. Mwaka 1928 fundi mmoja wa New York, Irving Schott, alitengeneza jaketi ya waendesha pikipiki akaiita Perfecto, jina la aina ya biri aliyoipenda. Iliuzwa dola 5.50 kupitia muuzaji wa pikipiki za Harley-Davidson kule Long Island. Kila kitu juu yake kilikuwa na kazi. Zipu ilikatwa upande kwa sababu mtu akiinama juu ya tangi, zipu ya katikati inamdunga tumbo. Na ngozi mbili zikilaliana kifuani, upepo haupati njia. Vifungo vya kola vilizuia kola isimpige mwenyewe usoni. Mkanda ulizuia upepo usiingie kutoka chini. Kwa ufupi, Schott alikuwa anatatua shida ileile ya steji ya Keroka.

Halafu mwaka 1953 Marlon Brando akavaa jaketi ya namna hiyo kwenye filamu ya The Wild One, na mambo yakageuka. Wazazi wa Marekani wakaona uhuni, vijana wakaona uhuru. Uingereza filamu yenyewe ilizuiwa kwa zaidi ya miaka kumi, lakini jaketi haikuzuilika; vijana wa London walikuwa wakizinunua kwa Lewis Leathers, duka lililoanza mwaka 1892, na kukaa nazo mikahawani usiku kucha. Nguo ya kazi ikawa nguo ya kiburi. Wengi wanaoivaa siku hizi hawajawahi kugusa klachi.

Kwetu ilikuja kwa njia nyingine: ndani ya beli. Mitumba ilifunguliwa milango miaka ya 1990 mwanzoni, baada ya miaka mingi ya kuzuiwa ili viwanda vya nguo vya hapa vilindwe. Tangu hapo beli zinashuka Mombasa, zinapanda mpaka Gikomba, na kutoka huko zinasambaa hadi masoko kama Daraja Mbili pale Kisii mjini. Siku ya soko ukifika asubuhi mapema, beli zinapofunguliwa, unaweza kupata kamera, yaani zile nguo za kwanza ambazo hazijaguswa na mtu. Ukifika saa tisa, unakuta fagia: vitu vimerundikwa chini, bei ya kutupa, na kila mtu ameshapekua.

Mama mmoja wa pale ndiye aliyenifundisha kuchagua. Nilimpelekea jaketi niliyokuwa nimeipata kwa jirani yake, akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Kijana yangu, hii ni ngozi ama ni karatasi?"

Akanionyesha. Kunja kiwiko: ngozi ya kweli inafanya mikunjo midogo midogo, bandia inafanya mkunjo mmoja kama wa plastiki. Tafuta mahali bitana imechanika, angalia ndani: ngozi ina manyoyanyoya, bandia ina kitambaa. Weka tone la maji: ngozi italinywa polepole, bandia litakaa juu likikuangalia. Mwisho, nusa. "Ng'ombe haachi kunuka," alisema, "hata akienda Ulaya akarudi."

Mwaka 2020, serikali ilipopiga marufuku mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona, nilimkuta akiuza ndizi palepale. Jaketi alizokuwa amebakisha alizificha nyumbani kama mtu anayeficha mahindi ya mbegu.

Lakini si kila mtu anapenda nguo hizi. Watanzania walizipa jina la kafa Ulaya, na kule Ghana wana jina lao lenye maana hiyohiyo: nguo za mzungu aliyekufa. Nyanya yangu, magokoro, alikuwa wa mawazo hayo. Sweta ya mtumba hakuikubali mpaka akafa. Hoja yake haikuwa uchafu. Alisema nguo inakaa na mtu, inashika jasho lake na mabega yake, na ukiivaa bila kumjua ni kama kulala kwa nyumba ya mtu ambaye hukumpigia hodi. Nguo ya marehemu unayemjua ni jambo lingine. Hiyo wazee wanakaa chini, wanaigawa, na anayepewa anajua amepewa nini.

Na hivyo ndivyo nilivyopata jaketi ya tatamoke.

Tatamoke ni baba mdogo, ndugu ya baba. Alianza boda mwaka 2009, wakati pikipiki zilikuwa zimejaa ghafla kila kijiji baada ya serikali kulegeza kodi ya pikipiki ndogo. Njia yake ilikuwa Keroka na Rigoma, na siku nzuri alipata mtu wa kwenda Nyamira mjini. Jaketi aliinunua Daraja Mbili kwa shilingi 2,800. Nakumbuka bei kwa sababu baba yangu aliirudia kwa sauti mwaka mzima. Pesa hiyo, baba alisema, ingenunua mabati.

"Mabati inafunika nyumba," tatamoke alijibu. "Hii inanifunika mimi."

Ilikuwa nyeusi, ngozi ya ng'ombe, zipu ya upande, bitana nyekundu iliyokuwa imeanza kufifia kabla hata hajainunua. Mtu fulani ng'ambo alikuwa ameivaa miaka mingi, na kwenye mfuko wa ndani kulikuwa na tiketi ya basi iliyosagika mpaka maandishi yakapotea. Tatamoke aliitunza kuliko pikipiki. Hakuiosha kwa Omo. Ikilowa aliitundika kivulini, mbali na moto, kwa sababu ngozi ikikaushwa haraka inakauka kama ngozi ya ngoma. Ukungu ukiingia, na kwetu ukungu haukosi, aliupangusa kwa siki iliyochanganywa na maji. Kila mwisho wa mwezi aliipaka Arimis kidogo, ileile ya kukamulia ng'ombe. Alisema ni haki, ng'ombe apakwe mafuta ya ng'ombe.

Mwaka 2014 alianguka kwenye murram, mvua imenyesha, kona mbaya. Aliteleza kwa upande wa kushoto mita kadhaa. Alipoinuka, kiwiko cha jaketi kilikuwa kimekwaruzika mpaka kikawa kijivu, na mshono wa bega umeachia. Mkono wake ulivimba, basi. Ngozi ya ng'ombe ilitoa kile ambacho ngozi ya mtu ingetoa. Nimeona watu wa boda walioanguka wakiwa na shati. Sihitaji kukueleza.

Alikufa mwaka 2022, kwa ugonjwa, kitandani. Baada ya mazishi nguo ziligawanywa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa kidato cha tatu, mwembamba kama fito, jaketi ikamfunika mpaka magotini. Wazee wakanitazama mimi, mabega yangu yakawa yanafaa. Nikaivaa mbele yao. Mzee mmoja akasema, "Mbuya mono." Mambo yakaisha hapo.

Niliivaa miaka miwili. Nakwambia, hakuna nguo iliyowahi kunikaa vile. Jaketi ya ngozi ikizeeka inakuwa na umbo la mtu. Mikunjo ya mikono ilikuwa ya mikono iliyonyooshwa kushika usukani, kwa hiyo hata ukiitundika kwa msumari inakaa kama inaendesha. Nyeusi ilikuwa imeisha mabegani, kahawia ikatokea chini yake. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na nilikuwa natafuta riziki kwa kuandika. Ukivaa jaketi kama hiyo unatembea kama mtu anayejua anakoenda. Tatizo moja tu: kila nikipita steji, mtu angeniuliza, "Buda, wewe ni wa steji gani?" Sina steji. Pikipiki yenyewe nikiipanda, napanda nyuma.

Halafu nikaweka picha mtandaoni. Jamaa wa Nairobi anayekusanya jaketi za zamani akanitafuta. Alitaka kuona zipu, bitana, lebo. Nilipomtumia picha ya kiwiko, alijibu haraka: "Hiyo mikwaruzo ni ya kweli?" Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kuna viwanda vinavyochukua jaketi mpya na kuzisugua kwa msasa ili zionekane zimeishi. Nilimwambia ni ya kweli, ni ya murram. Akatoa shilingi 12,000.

Tuseme ukweli, 12,000 kwangu ni kodi ya nyumba miezi mitatu. Hakuna insha iliyowahi kunilipa hivyo. Na sikuona ubaya wa kuuza. Nguo ni nguo, tatamoke mwenyewe aliinunua kwa beli. Kilichonikwaza ni kile alichokuwa ananunua. Ngozi tu angeipata Gikomba kwa nusu ya bei hiyo. Zile pesa nyingine zilikuwa za kiwiko. Alikuwa ananunua siku ile ya 2014, ile kona, yule mtu akiinuka na kujipapasa kuona kama yuko mzima. Hiyo siku nani anaweza kuiuza? Mimi sikuanguka.

Wakati huo mtoto wa tatamoke alikuwa amemaliza shule na kuchukua pikipiki ya baba yake. Namwita ndugu, kwetu mtoto wa baba mdogo si binamu. Alikuwa ananyooka kila mwaka na mabega yamejaa. Alivaa anoraki ya kuteleza, kinyume kama wenzake, na reflekta juu yake, kwa sababu sheria ya trafiki iliyorekebishwa 2012 inamtaka yeye na abiria wake wavae helmeti na reflekta. Hakuwahi kuniomba jaketi hata siku moja. Alikuwa akiiangalia tu, haraka, kama unavyomwangalia mtu mnayefanana.

Novemba, mvua zikiwa zimekolea, alikuja kwangu kuleta mzigo wa mtu, amelowa mpaka mifupa. Nikampa chai. Nikaitoa jaketi, nikaiweka kwenye kiti.

"Chukua."

"Wazee walikupa wewe."

"Wazee walipima mabega. Pima yako."

Alivaa. Nilitarajia ikae kama ya baba yake, lakini ni mpana zaidi kifuani na mikono yake ni mirefu. Zipu ilifunga kwa shida. Alisema hawezi kuchukua kitu ambacho kiligawanywa na wazee, hiyo ni kuharibu mgao. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana: msimu wa mvua ni yake, msimu wa kiangazi ni yangu. Tukapeana mikono kwa uzito wote. Kila mtu anayejua Kisii na Nyamira anajua kwamba huku kiangazi ni hadithi ya watu wa Turkana.

Fundi wa viatu Keroka alishona bega upya kwa uzi wa nailoni. Aliuliza kama aweke kiraka cha ngozi mpya kwenye kiwiko, ndugu yangu akakubali. Mimi nilinyamaza. Kwa mkusanyaji, kiraka hicho kimeua bei. Kwa mtu anayeamka saa kumi, ngozi iliyosagika haimsaidii mara ya pili. Sasa kile kijivu kiko chini ya kiraka, kimefunikwa, na kwenye mikono mikunjo mipya imeanza kutokea, juu kidogo kuliko ya zamani. Usiku anavaa reflekta juu yake, kwa sababu nyeusi haionekani na lori haliulizi umevaa nini. Haina sura ya Brando hata kidogo.

Bado napenda jaketi hizi. Jumatatu naenda Daraja Mbili kama kawaida, nakunja viwiko, nanusa, nampigia mama hesabu. Nina moja ya kahawia sasa, ngozi ya mbuzi, nyepesi, na mikwaruzo yake itakuwa ya meza na viti vya matatu.

Yule jamaa wa Nairobi alinitumia ujumbe tena mwezi uliopita. Ameongeza, amefika 15,000. Nikamjibu kwamba jaketi iko kazini.