Kitufe Nilichokielewa Vibaya

Mwaka jana nilikwenda Buyenzi, hapa Bujumbura, kumrekodi mzee mmoja aliyekuwa mvuvi katika Ziwa Tanganyika. Alizungumza kwa dakika 40 kuhusu nyavu, samaki na aina za upepo. Kompyuta niliyoazima ilikuwa imewekwa kwa Kifaransa. Alipomaliza, nikaifunga programu ya sauti. Ikaniuliza kama nataka "quitter sans enregistrer". Nikajiambia: naam, kurekodi kumekwisha, sitaki kurekodi tena. Nikabofya. Mazungumzo yote yakapotea.

Kosa langu lilikuwa la lugha. Kwa Kifaransa, neno enregistrer hubeba kazi mbili: kurekodi na kuhifadhi. Kiswahili kinazitenganisha. Kama kitufe kingeandikwa "Toka bila kuhifadhi", ningesita.

Tangu siku hiyo nachunguza jinsi programu za sauti zinavyofungwa. Ardour humpa mtumiaji njia tatu: asitoke, atoke tu, au ahifadhi na kutoka. New Session Manager, ambayo hufungua na kufunga programu kadhaa kwa pamoja, ina amri mbili tofauti: moja huhifadhi vyote kisha hufunga, nyingine hufunga bila kuhifadhi.

Mwenzangu darasani alisema njia ya kutoka bila kuhifadhi iondolewe kabisa. Sikubaliani naye. Mara nyingi mtu hujaribu jambo, akaharibu, akataka kuirudia kazi yake ya jana. Ukimlazimisha kuhifadhi, kibaya kitafuta kizuri. Lakini programu inayosimamia nyingine ina wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu kitufe chake kimoja hugusa kazi nyingi. Kabla ya kufunga, itaje kila programu yenye kazi ambayo haijahifadhiwa. Sauti mpya iwekwe kando mpaka mwenyewe aseme ifutwe. Mipangilio ya sauti mtu anaweza kuipanga upya. Maneno ya mtu hayarudi vilevile.

Hilo nalijua, kwa kuwa nilirudi kwa mzee. Alicheka, akanikaribisha, akasimulia tena, lakini safari hii kwa dakika 15 tu. Aina mbili za upepo alizozitaja mara ya kwanza hakuzitaja tena, na majina yake nilikuwa nimeyasahau. Niliona haya kumuuliza. Nilihifadhi sauti yake kabla hajainuka kitini.